Mashavu ya Meshack

Prisca alirudi kwao siku ya soko. Lori la mizigo lililotokea mpakani Rusumo lilimshusha Kikatiti, kando ya barabara ya Moshi, akiwa na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nailoni mkononi. Wauza vitunguu waliomwona kwanza hawakumtambua. Mama yake, Aikande, alikuwa amekaa nyuma ya mikungu yake ya ndizi akibishana na mteja. Alipoinua macho akaona mwanamke mwembamba amesimama mbele yake kimya, akamuuliza kama anataka za kupika au mbivu.

"Shikamoo, mama," yule mwanamke akasema.

Aikande aliacha ndizi, akaacha mteja, akaacha na kanga yake ikaburuzika kwenye vumbi. Alimkumbatia mwanawe akalia kwa sauti, watu wakageuka. Kilichomuuma, hata katikati ya furaha ile, ni kwamba alikuwa amemuuliza mtoto wake wa kumzaa kama anataka ndizi.

Tangu vita viingie Goma alikuwa hajapata habari yake. Simu ya Prisca haikupatikana, na ya mumewe, Byamungu, haikupatikana pia. Huyo Byamungu alikuwa fundi wa magari aliyekuwa na gereji Elerai, huko mjini, kabla ya kumchukua Prisca na kwenda naye kwao Masisi, Kongo, kulima shamba aliloachiwa na baba yake. Kila taarifa ya habari Aikande aliisikiliza redio sikio likiwa limegandishwa kwenye spika, akiwaza mifupa tu: mifupa ya mtoto, mifupa ya wajukuu. Kwa hiyo alimfungua mtoto mgongoni polepole, kama anayeogopa kumvunja.

Hakukuta mifupa. Alikuta mashavu yaliyojaa, macho madogo yaliyobanwa na mashavu hayo, na miguu minene kama ya mtoto wa tajiri.

"Ameshiba," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mume wangu ameshiba. Mungu ni mwema." Mtoto aliitwa Meshack, jina la marehemu mumewe, ndiyo maana alimwita mume. Meshack alimtazama bila kutabasamu na bila kulia. Aikande alidhani anamshangaa tu kwa ugeni.

"Na wajina wangu yuko wapi?" aliuliza.

Wajina wake alikuwa mjukuu wa kwanza, msichana, Aikande mdogo. Alikuwa akimwona kwenye picha za simu tu, amesimama mlangoni na mapengo yake, mkono kiunoni. Prisca alijibu kwamba amebaki kwa bibi yake wa upande wa baba. Byamungu naye alichukuliwa na wenye bunduki akabebeshwe mizigo yao, na hajarudi. Alieleza yote mawili kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma tangazo, kisha akaomba maji ya kunywa. Aikande hakuuliza zaidi. Alijiambia kuwa maswali yatakuja mtu akishapumzika.

Akina mama wa usharika walifika kesho yake baada ya ibada, wakiongozwa na Lydia, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti ya kwaya hata anapoomba chumvi. Walileta mayai, maziwa, unga wa lishe na kitenge kipya. Walipokezana mtoto, kila mmoja akisema ni mzito. Lydia alimwinua mbele ya wote kama anayemwonyesha kwa wazee wa kanisa.

"Prisca, wewe ni mama kweli," alisema. "Umetoka vitani, na mtoto yuko hivi. Wako wengine wako hapahapa na shamba na ng'ombe, watoto wao wanatia huruma."

Prisca alisema asante. Alivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni na kutazama kikombe chake. Mmoja alisema nywele za mtoto ni nyepesi na zina wekundu. Aikande akajibu haraka kwamba baba yake ni maji ya kunde, naye amemfuata. Kwenye mapaja ya mtoto ngozi ilikuwa inabambuka, nyeusi juu na nyekundu chini, kama palipoungua. Hilo Aikande alilifunika kwa kitenge kipya, akajisemea ni vumbi la safari, litaisha kwa mafuta.

Siku zile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe afariki. Miaka yote watu walimsema chinichini kwamba binti yake alikimbilia ugenini, na sasa binti yake alikuwa akisifiwa na mwenyekiti wa akina mama. Alichinja jogoo. Alinunua nyama ya mbuzi. Alikata mkungu mzuri kuliko yote kwenye mgomba wa karibu na jiko. Lakini kila alipompakulia mtoto, Prisca aliuzuia mkono wake.

"Mama, mpe kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo kwa nini?"

"Kule walituambia hivyo. Wauguzi."

"Waliwaambia hivyo kwa sababu chakula hakikuwepo," Aikande alisema. "Hapa kipo."

Prisca alichukua bakuli akamimina karibu lote kwenye sufuria, akabakiza uji mwepesi wa kufunika kijiko. Aikande alimtazama akifanya hivyo na moyo wake ukaingia uchungu. Alikuwa amelea watoto wanne katika jiko lile. Alinyonyesha wa majirani walipougua. Na sasa huyu aliyemzaa anamfundisha kulisha, tena kwa mafunzo ya huko.

Basi akaanza kumlisha kwa siri. Prisca alipokwenda mferejini kufua, au alipolala mchana usingizi ule mzito wa mtu aliyetembea sana, bibi alimpakata mjukuu nyuma ya jiko, akampa mtori wa ndizi na nyama, bakuli zima, na kikombe cha maziwa juu yake. Mtoto alifungua mdomo kila kijiko kilipofika. Hakuonyesha hamu wala hakukataa. Alimeza tu, kama anayetimiza amri. Aikande alimpangusa mdomo kwa ncha ya kanga, akamrudisha kitandani kwa kunyata. Usoni alikuwa na haya kidogo, na moyoni raha tupu.

Haikuchukua muda. Meshack alianza kutapika, kisha tumbo likafunguka, kisha akapoa mwili mzima kama mtu aliyetolewa majini. Kope zilivimba zikafunga macho. Aikande, akidhani ni baridi ya Julai ya mlimani, alikwenda kumvalisha soksi. Alipoushika mguu, dole gumba lake likazama. Alipolitoa, shimo likabaki palepale kama shimo kwenye unga uliokandwa. Alilitazama akingoja lijae. Halikujaa.

"Prisca," aliita. "Njoo uone."

Prisca alikuja, akaona, na hakushangaa. Alikuwa ameliona shimo lile zamani. Hilo ndilo lililomtisha Aikande kuliko shimo lenyewe.

*

Shemeji yake Aikande, Elisaria, aliwapeleka mjini kwa pikapu yake. Lydia, aliyekuwa amekuja kuchukua vyombo vya kwaya, aliingia nao bila kuombwa, akaimba tenzi nusu ya njia. Hospitali ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi refu pamoja na akina mama wengine na watoto wao, bega kwa bega, kila neno la mmoja likisikika kwa wote.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sabina, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi. Alibonyeza mguu wa mtoto, akazungusha utepe wa rangi kwenye mkono wake, akagusa nywele. Kisha akamgeukia Prisca.

"Huu ni unyafuzi, mama, uvimbe wa utapiamlo. Mnatokea wapi?"

"Kikatiti."

"Kikatiti," Sabina alirudia, na sauti yake ikapanda mpaka mwisho wa benchi. "Kwenye ndizi zote zile, maharage yale, maziwa yale, mtoto anapata unyafuzi? Anakula nini huyu? Au mnauza kila kitu sokoni mkirudi mnampa maji ya moto? Wewe mwenyewe unakula nini, yeye akikosa?"

Prisca aliinamisha kichwa. Mwanamke mmoja kwenye benchi alimvuta mtoto wake karibu, kana kwamba uzembe unaambukiza. Aikande alijua afanye nini. Alitakiwa kusema: huyu ametoka vitani, mwacheni. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini kuyasema mbele ya Lydia kulikuwa ni kusema pia kwamba yale mashavu aliyoyasifia huyo mbele ya akina mama wote yalikuwa ugonjwa, na kwamba yeye, bibi mwenye watoto wanne, aliyapapasa siku zote asijue. Alinyamaza.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, mpole. Alichuchumaa palepale mbele ya benchi, akasikiliza kifua cha mtoto muda mrefu. Akauliza mtoto amekula nini siku hizi za karibuni.

"Uji mwepesi," Prisca alisema. "Na maziwa kidogo."

"Basi?"

"Basi."

Daktari alimtazama, akamtazama mtoto. "Mama, sikuulizi ili nikugombeze. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafla. Moyo unaweza kuzidiwa ukasimama. Kama amekula vizito lazima nijue sasa hivi, kwa sababu nitamtibu kwa namna nyingine."

Prisca alikaza macho sakafuni. "Uji," alisema tena, kwa sauti iliyokuwa ndogo zaidi.

Hapo Aikande alielewa. Binti yake alikuwa anajua. Alikwisha kuona mafuta ya mtori kwenye kifua cha shati la mtoto, alikwisha kunusa nyama kwenye pumzi yake, na mbele ya benchi lile lote, baada ya kutukanwa, alikuwa bado anamfichia mama yake aibu.

"Nimemlisha mimi," Aikande alisema.

Daktari aligeuka.

"Mtori wa nyama. Bakuli zima, na maziwa kikombe, kila siku tangu wafike. Mama yake alinikataza. Nilimwibia akiwa amelala." Alihema. Alijua benchi zima linasikia, na Lydia anasikia, na akaendelea kwa sauti ya kutosha ili wasikie vizuri. "Huyu hakumnyima mtoto. Wametoka Kongo, kwenye vita. Amembeba mgongoni kutoka huko. Mtu wa kugombezwa ni mimi."

Hakuna aliyemgombeza. Daktari alikwisha kuinuka, anaita watu, na Sabina alikwisha kumchukua mtoto mikononi, anakimbia naye ndani.

*

Wodini walimfunika mablanketi, wakamtundikia dawa, wakamwekea mpira mwembamba puani. Chakula chake kilikuwa maziwa maalumu, machache mno, yaliyokuja kwa saa. Aikande aliyaona mara ya kwanza akadhani muuguzi amekosea kikombe. Mtoto alilala amekunja uso. Daktari alisema hawezi kuwadanganya, bado ni mapema kusema kama atapona.

Mchana wa pili, jua la mji likiwa limeingia dirishani mpaka miguuni mwa kitanda, Prisca alianza kuzungumza bila kuulizwa. Alizungumza akimtazama mtoto.

Alisema walipanda maharage vizuri mwaka ule wa mwisho. Wenye bunduki wakapita, wakakimbia, na waliporudi maharage yalikuwa yameliwa yangali mabichi, maganda yametupwa shambani. Msimu uliofuata hawakupanda. Mbegu hazikuwepo, na shamba lilikuwa katikati ya pande mbili zinazopigana, mtu akiinama na jembe anaonekana kutoka vilima vyote viwili. Barabara ikafungwa. Mafuta yakapotea sokoni, kisha chumvi, kisha soko lenyewe. Byamungu alipochukuliwa, Prisca alikimbia na watoto mpaka kambini nje ya Goma. Huko waliwapima watoto mikono. Meshack alipewa chakula dawa, ile karanga laini ya kwenye pakiti. Dada yake hakupewa, kwa kuwa pakiti zilikuwa za wadogo tu, na yeye alikuwa amevuka umri.

"Yeye ndiye aliyekuwa anambeba kwenye foleni," Prisca alisema. "Halafu analamba pakiti ndugu yake akimaliza. Nilimwacha alambe. Hata kunusa alinusa."

Aikande aliusogeza mkono wa mtoto ndani ya blanketi.

Mji ulipotekwa, kambi ikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, hata wasio na makwao. Walitembea. Walifika kwenye nyumba ya familia moja ya Kikristo, watu wema, waliokuwa wametoka kuvuna. Mama wa nyumba ile aliwaona watoto akaanza kulia. Akapika ugali sufuria kubwa, na maharage yenye mafuta. Meshack alikuwa na homa, alikula kidogo akalala. Dada yake alikula. Aliongezwa, akala. Alikula mpaka akaanza kucheka, na Prisca alikuwa amesahau kwamba mtoto wake anacheka.

"Usiku ule akaanza kuumwa. Hata wiki hakumaliza. Muuguzi mmoja ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, kwamba mwili ulikuwa umeshasahau chakula." Prisca alinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. "Hakupigwa risasi, mama. Alikufa ameshiba. Yule mama aliyempakulia alilia kuliko mimi."

Wodi iliendelea na shughuli zake. Mtoto mmoja alikuwa anakohoa upande wa pili, mtu anasukuma kitoroli cha chai.

"Wajina wangu," Aikande alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile ninashika kijiko, kwa nini hukuniambia hili?"

Prisca alifikiri. "Ulikuwa unacheka," alisema. "Kila siku nilisema nitakwambia kesho. Nilijua nikifungua mdomo nitalisema lote, nawe utaacha kucheka. Halafu nilipoona mafuta kwenye shati lake nikaona tumeshachelewa, nikabaki naomba tu."

Aikande alitoka nje. Nyuma ya wodi palikuwa na karo ambapo ndugu wa wagonjwa hufua nguo. Alifungua bomba, akaweka mikono chini ya maji, akalia hapo ili sauti ya maji iifunike sauti yake. Alimlilia msichana wa mapengo ambaye hakuwahi kumshika. Alimlilia pia mwanamke wa Kongo asiyemjua, aliyepakua kwa moyo uleule aliokuwa nao yeye. Sabina, aliyekuja kusuuza beseni, alimkuta hapo, akasimama.

"Mama, angeniambia ametokea wapi," Sabina alisema. "Nisingesema vile."

"Angesema saa ngapi," Aikande alijibu, "nawe ulikuwa unazungumza?"

Sabina alilipokea. Alisuuza beseni, akafunga bomba, akaingia wodini, na kupitia mlango uliokuwa wazi Aikande alimwona akivuta kiti karibu na Prisca, akakaa, akamshika mkono. Hakujua walisemezana nini.

*

Meshack hakufa. Hakupona kwa haraka pia. Kwanza aliyeyuka. Uvimbe ulianza kushuka usoni, kisha mikononi, kisha miguuni, na kila ulipoondoka uliacha mtoto mdogo kuliko aliyekuwepo. Mashavu yalikwisha. Mbavu zikatokea, na magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Aikande alipomwona amevuliwa nguo akampigia kelele daktari kwamba mtoto anakwisha. Daktari akamwambia kwamba yale yaliyokuwa yanaondoka yalikuwa maji. Huyu wa sasa ndiye mtoto mwenyewe, na huyu wataweza kumlisha.

Lydia alikuja kumwona na akina mama wawili. Aikande aliogopa ujio ule kuliko sindano. Lakini Lydia alimtazama mtoto, akakaa kitandani, na hakuimba. Alisema Jumapili iliyopita alikuwa amesimama mbele ya akina mama, akasema kwamba yeye ndiye aliyemwinua mtoto juu na kumsifu, na kwamba alisifu asichokijua. Kisha, kwa kuwa habari ya msiba ilikwisha kuwafikia, akauliza jina la yule mkubwa aliyefariki. Aikande alishindwa kulitaja, kwa kuwa lilikuwa lake. Prisca akalitaja. Wakainamisha vichwa, wakamwombea mtoto huyo kwa jina, polepole, ili wagonjwa wasisumbuke.

Baada ya hapo mpira ulitolewa puani, na Meshack akaanza kunywa mwenyewe kwa kikombe. Siku zote Prisca ndiye aliyemnywesha. Aikande alikaa pembeni, akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akishika taulo, akipisha. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza mwenyewe: maziwa yalipoletwa aliondoka kitandani kwa hatua moja, kama mtu anayepisha gari.

Asubuhi moja muuguzi alileta kikombe kama kawaida. Prisca alikipokea, akapima kwa macho, kisha akamnyooshea mama yake.

"Mpe wewe. Nataka kulala kidogo."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Ukimaliza usiongeze."

Alijilaza kwenye ukingo wa kitanda, akawageuzia mgongo, na kabla Aikande hajakaa sawasawa, usingizi ulikwisha kumchukua.

Aikande alimpakata mjukuu. Alikuwa mwepesi, mgumu, joto. Alimpelekea kikombe mdomoni, na safari hii mdomo haukufunguka kwa kutii. Mtoto alikidaka kikombe kwa mikono miwili na kukivuta. Alikunywa kwa pupa, akihema puani, macho yamekazwa kwenye ukingo. Aikande alimzuia apumzike, akampa tena, akamzuia. Maziwa yakaisha. Meshack alichungulia ndani ya kikombe, akakigeuza, akamtazama bibi yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sokoni.

"Ingine," alisema.

Lilikuwa neno la huko alikotoka, la kuomba zaidi, na ndilo neno la kwanza Aikande kulisikia kutoka kwake. Jagi la maziwa lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa, mkono ungelifikia.

"Bado, mume wangu."

"Ingine!" Uso ulikunjana, kifua kikajaa, na kilio kikatoka, kilio kikubwa cha hasira, cha mtoto anayedai haki yake. Wodi nzima iligeuka. Sabina alichungulia kutoka mlangoni, akaona, akatabasamu, akaenda zake. Prisca alijigeuza kidogo usingizini, lakini hakuamka.

Meshack alimpiga bibi yake kifuani kwa ngumi zake ndogo. Alimvuta kanga, akamng'ang'ania mkono, akalia mpaka jasho likamtoka. Aikande alimkumbatia na kumwacha apige. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu mmoja ulikuwa umemshika mtoto, na wa pili, wa upande wa jagi, aliukalia.